Redio Inakoroma, Jiko Moto Haushiki

Mteja akiweka kitu mezani kwangu, jina la kitu hicho halinisumbui. Aite redio, deki, sabufa, mziki au "hiki kidude", kwangu ni sawa. Ninachosubiri ni atakavyosema kimefanya nini. Kinakoroma? Kinakwaruza? Kimekata kauli? Hapo ndipo kazi inapoanza, mara nyingi kabla sijashika bisibisi.

Ufundi niliuanza mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye kibaraza cha mjomba wangu jirani na soko la Majengo, hapa Dodoma. Tamko la kuufanya mji huu makao makuu lilikuwa limetolewa tangu 1973, lakini mambo yalikuwa bado ya pole pole. Jioni ukikatiza mtaani, kila dirisha lililokuwa na redio lilitoa sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na uliweza kutembea mtaa mzima bila kukosa neno hata moja la taarifa ya habari. Kibao chetu kiliandikwa FUNDI REDIO. Leo naletewa friji, pasi, majagi ya umeme, TV na majiko, na redio yenyewe kwa nadra, ila kibao sijakibadilisha na watu hawajanibadilishia jina. "Nakipeleka kwa fundi redio," mtu anasema, na mkononi amebeba brenda.

Katika maneno yote ya wateja, "inakoroma" nalipenda zaidi kwa sababu halidanganyi. Umeme unaokuja na nguzo haukunyooka. Unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Redio haiwezi kuutumia hivyo. Ndani yake mna transfoma ya kuupunguza, dayodi za kuugeuza, na kapasita moja nene, kama kikopo kidogo, ya kuulainisha. Kapasita ile ikizeeka hukauka ndani. Hapo mawimbi yale hayana wa kuyazuia, yanapita hadi kwenye spika, na chini ya sauti ya mtangazaji unasikia mkoromo mzito usiopanda wala kushuka hata ukipunguza sauti. Mama wa miaka 70 ambaye hajawahi kuona kapasita akisema redio yake inakoroma, amekwisha kuniambia nifungue wapi.

"Inakwaruza" ni jambo jingine. Hapo namuuliza kama inakwaruza muda wote au anapozungusha kitufe cha sauti. Akisema anapozungusha, ni vumbi. Mwenyeji wa Dodoma haambiwi habari ya vumbi: upepo wa Julai na Agosti unalipeleka hadi kwenye kabati lililofungwa. Ndani ya kile kitufe mna utepe mweusi wa kaboni na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Punje ya vumbi ikikaa katikati, spika inakwaruza. Spiriti kidogo, unazungusha kwenda na kurudi, basi. Na "imekata kauli" ndiyo kunyamaza kabisa: fyuzi, waya uliokatika, au betri zilizosahaulika ndani mpaka zikavuja na kula vispringi.

Maneno hayo matatu niliyakuta kwa mjomba, na hadi leo nayasikia kwa vijana wenye spika za bluutuuthi. Vitu vimebadilika mara ngapi sijui, lakini malalamiko yamebaki na ndimi zilezile. Hili limenifundisha kazi kuliko vitabu.

Majina ya vitu ndiyo yanayohama, na hayahami ovyo. Nilikulia kijijini, upande wa Mvumi, kwenye nyumba ya tembe. Taa yetu ya kila siku ilikuwa kibatari: kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko, utambi wa kitambaa cha pamba, mafuta ya taa kidogo. Moshi wake uliandika dari nzima. Wageni wakija iliwashwa chemli, na kulikuwa na heshima katika kuwasha chemli. Kioo chake bibi alikifuta kila alasiri kwa majivu laini na kitambaa kikavu, akikishika kwa vidole kwa ndani, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa. Karabai tuliiona kwenye harusi na mikesha tu, ile ya kupampu, inayovuma usiku kucha. Jina karabai lenyewe lilitokana na kabaidi, mawe yaliyotiwa maji kwenye taa za zamani yakatoa gesi ya kuwaka. Taa yetu ya kupampu haikuwa na kabaidi hata chembe, ilitumia mafuta ya taa na soksi, kile kifuko cha kitambaa kinachong'aa, lakini ilirithi jina kwa sababu ilikuja kufanya kazi ileile ya kuangaza uwanja mzima.

Miaka ilipita, nikampelekea bibi taa ya sola, na siku ileile akaiita chemli. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaniuliza, "Utambi wake uko wapi, baba?" Nikamwonyesha kile kibao cheusi cha kuweka juani, nikamwambia moto wa hii unatoka huku. Hakuuliza zaidi. Kuanzia hapo kila alasiri akawa anakifuta kile kibao kwa kitambaa kikavu, kwa utaratibu uleule wa kioo. Wajukuu wakacheka. Mimi nilijua thamani ya alichokuwa anafanya: vumbi likitanda juu ya sola, mwanga haufiki vizuri na betri haijai. Taa ya bibi ilifika alfajiri, za majirani zilizima mapema. Laiti mtu angemsahihisha siku ile, akamwambia hii si chemli, acha mambo ya zamani, nadhani angeiogopa na asingeigusa. Jina la zamani ndilo lililobeba matunzo ya zamani.

Tangu hapo simsahihishi mteja. Naona mafundi wenzangu, hasa vijana waliotoka vyuoni, wanamkatisha mzee: "Hii siyo deki mzee, hii ni hard disk." Mzee ananyamaza, na akinyamaza anaondoka na habari zote za kile kitu, kwamba kilianza kuzima chenyewe tangu radi ya juzi, kwamba mjukuu alikimwagia chai.

Wazee wenyewe wana jozi yao ya maneno. Husema "fungua redio" na "funga redio", au "fungulia tusikie habari". Vijana wanasema washa na zima. Washa na zima ni maneno ya moto. Yalitoka jikoni yakaenda kwenye taa, kisha yakashika kila kitu: gari, simu, kompyuta, hata data. Sioni kosa upande wowote. Mzee akiniambia redio "haifunguki", naanzia kwenye swichi. Kijana akisema "haiwaki", naanzia kwenye umeme. Mara nyingi wote wako sahihi.

Maneno mengine hufa pamoja na ubovu wake, na hilo nalo nimelishuhudia. Zamani TV ilikuwa na chenga. Antena ikiyumba juu ya bati, picha inajaa vidoa vyeupe, mithili ya mchele uliokatikakatika uliobaki chini ya ungo. Kazi yetu ilikuwa kumpandisha mtu juu ya paa na mwingine kupiga kelele kutoka ndani: "Bado! Bado! Hapohapo usiguse!" Kisha ukaja uhamaji wa dijitali. Dar es Salaam walizimiwa mitambo ya analojia usiku wa 31 Desemba 2012, na sisi Dodoma tukafuata mapema 2013. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakiwa hafifu picha inaganda, au inakatika vipande vya mraba, au haipo kabisa. Kijana ninayemfundisha sasa alipomsikia mzee mmoja akisema TV yake "inaleta chenga", alibaki ananitazama. Nilimwambia amuulize mzee kama ni vidoa au ni kuganda. Ilikuwa kuganda. Waya wa dishi ulikuwa umeliwa na jua kwenye kiungio.

Msimu ule wa dijitali ndio uliotupa king'amuzi, na nimelitafakari sana neno hili. Yapo maneno mengi mazuri ya vifaa vya nyumbani ambayo yanasomwa kwenye taarifa ya habari na hayaingii ndani. Kitenzambali ni neno zuri, lakini katika umri wangu wote mezani hapa naletewa rimoti. Jokofu linajulikana na kila mtu, ila nyumbani ni friji. Jokofu limebaki la hospitali, na ukilitaja watu wanafikiria chumba cha maiti. Runinga inaandikwa, TV inasemwa. Iweje king'amuzi kikakubalika mpaka kwa muuza genge? Naamini ni kwa sababu neno na kitu vilibisha hodi siku moja. Friji ilikuwa imeshakaa midomoni miaka mingi jokofu lilipofika. King'amuzi hakikumkuta mtu mlangoni. Kila nyumba yenye TV ilikihitaji kwa mkupuo, redio zilikitangaza kwa jina hilo, muuzaji alikiandika dukani kwa jina hilo, na Kiswahili chake kilieleweka bila kufafanuliwa: kinang'amua. Pangaboi nalo lilipata bahati ya namna hiyo, na kiyoyozi pia. Wanaotutungia maneno wangefanya vyema kuwahi meli bandarini, maana bidhaa ikishafika Majengo imeshapata jina.

Au wangeiga LUKU. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo: maelekezo ya matumizi yamefungwa ndani ya jina. Kabla yake msoma mita alipita, ankara ikaja mwisho wa mwezi, na ugomvi wa ankara ulikuwa wa kila nyumba ya kupanga. Mita za LUKU zilipoanza kusambaa katika miaka ya 1990 watu walishika neno moja kwa moja na kuligeuza wapendavyo: kununua luku, luku inalia, luku imeisha, nigawie ya luku. Watoto wa leo hawajui kama ni ufupisho, na hakuna ubaya. Mwaka 2024 mita zote zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya Novemba 24, mteja akinunua umeme alipata tarakimu 60 badala ya 20: makundi matatu, mawili ya kuiboresha mita, la tatu ndilo umeme. Wazee wa mtaani kwangu walikuja na simu zao mkononi. Mmoja alisema, "Fundi, luku yangu inataka maneno mengi." Nilimwelewa. Tulikwenda tukaingiza kundi la kwanza, la pili, la tatu, kwa utaratibu, na taa ikawaka.

Simu nitaziruka, kwa kuwa mafundi wake ni wengine, ingawa kitochi ni moja ya majina ninayoyaheshimu: simu iliyopewa jina kwa ile taa yake ndogo, kwa sababu kijijini taa ile ilikuwa na kazi kubwa kuliko simu.

Kilichonileta zaidi kuandika haya ni jiko. Huko ndiko mabadiliko yanakokwenda kasi sasa, na huko ndiko maneno yanakopotea na ujuzi wake.

Angalia mtungi. Kwa mama yangu, mtungi ulikuwa wa udongo, ukikaa kwenye kona yenye kivuli, umefunikwa sahani na kata juu yake, maji yake baridi hata Oktoba. Kwa binti yangu mtungi ni wa gesi, mdogo wa kilo 6 au mkubwa wa kilo 15. Neno halikuyumba, kitu ndicho kilichohamia kona nyingine. Mafiga yamekimbilia kwenye siasa, watu wanayasikia wakati wa uchaguzi kuliko jikoni. Jiko la mchina, lile la mafuta ya taa na tambi zake za duara, limebaki kwa wachache. Na serikali ina mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, kwa hiyo mkaa unaoshuka kutoka Mpwapwa na Kongwa nao siku zake zinahesabika. Miti yetu ya huku kati ni michache na mvua ni ya msimu mmoja, sina neno la kuutetea mkaa.

Lakini kuna neno kupalia. Mama akipika wali, maji yakikauka, aliteka makaa kwa kijiko cha bati akayapanga juu ya mfuniko, akapunguza ya chini. Huko ndiko kuupalia wali. Joto linatoka juu na chini, punje zinakauka sawasawa, na chini unapata ukoko mwembamba ambao watoto tuligombea. Siku mama alipokuja kuishi nasi mjini alimwambia mke wangu, "Mama, upalie huo wali." Mke wangu akapunguza moto wa gesi. Mama akasubiri, akatazama mfuniko, hauna kitu. Hawakugombana, mama alitaka tu kujua joto la juu litatoka wapi. Swali la haki kabisa. Baadaye mke wangu alianza kuweka karatasi ya foili chini ya mfuniko ili mvuke usitoroke, na moto kidogo sana. Wali unaiva vizuri. Mama anauita wa kupaliwa, mke wangu naye siku hizi husema hivyohivyo, na binti yetu atajifunza kupalia bila kuona kaa la moto. Nafurahi neno halikufa, kwa kuwa ndani yake kuna maarifa: dakika za mwisho za wali zinataka joto dogo na mfuniko usiofunuliwa.

Mji huu una ugonjwa wake mwingine wa jikoni ambao fundi wa kwingine anaweza asiutambue. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvichumvi. Yakichemshwa yanaacha gamba jeupe kwenye jagi na kwenye hita. Wateja husema "inachelewa". Hawasemi imeharibika, wanasema inachelewa, na ndivyo ilivyo: gamba linazuia joto lisifike kwenye maji, koili inajipika yenyewe, hadi siku moja inapasuka na kupiga shoti. Akiniambia mapema kwamba inachelewa, simuuzii koili mpya. Namwambia achukue siki au ndimu kadhaa, achanganye na maji, achemshe, aache yapoe humo, kisha asuuze vizuri. Akinyamaza mpaka ipige shoti, ni hasara, na hita ya ndoo ikipiga shoti inaweza kuua mtu. Kwa hiyo nawaambia wazi: hita ikichelewa msiivumilie.

Ndiyo maana vijana wangu nimewawekea sharti. Kila kitu kinachopokelewa kinafungwa kikaratasi, na kwenye kikaratasi yanaandikwa maneno ya mteja kama alivyoyatamka. Wasiandike "TV mbovu". Waandike "sauti ipo, picha hakuna". Hilo kwenye TV za siku hizi, hizi flati zisizo na chogo, linakuambia karibu kila kitu: taa za nyuma ya kioo zimeungua. Unawasha, unazima mwanga wa chumbani, unamulika tochi karibu na kioo, na kwa mbali unaona watu wanatembea gizani. Picha ipo, inakosa mwanga tu. Kwenye chogo maneno hayohayo yangenipeleka kwenye shingo ya bomba la kioo, na ndani ya TV hizo kulikuwa na volti za kumtupa mtu chini hata baada ya kuchomoa waya.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja, anauza chakula huku Nkuhungu, na jiko jipya la umeme la kioo cheusi, lile la sumaku. Alikuwa na hasira, amelinunua kwa akiba yake. Kijana akaandika alivyosema: "Linawaka lakini moto haushiki." Kijana alitaka kulifungua. Nikamzuia. Haushiki, maana yake jiko lina nguvu ila haifiki kwenye chungu. Nikamuuliza dada anapikia sufuria gani. Zilezile za mkaa, akasema, za aluminiamu, anazo nyingi nzuri. Nikamweleza kwamba jiko hili halina moto wa kumpa sufuria; linaiamsha sufuria yenyewe ipate joto, na aluminiamu haiamki, inataka chuma kinachonasa sumaku. Alinitazama kwa mashaka. Nikachukua sumaku ya spika iliyokufa, nikaiweka kwenye sufuria ya aluminiamu iliyokuwa dukani, ikateleza. Nikaiweka kwenye kikaango cha chuma cha mke wangu, ikanasa. Tukaweka kikaango juu ya jiko lake na maji kikombe kimoja, na baada ya muda mfupi yakaanza kutokota.

"Kumbe moto unashikwa na sufuria," akasema.

Nikampa ile sumaku aende nayo soko la Sabasaba, aijaribu chini ya kila sufuria kabla ya kutoa hela. Jioni alinipigia kusema amepata mbili, kubwa ya wali na ndogo ya mchuzi, na muuzaji alitaka kujua sumaku ile inauzwa wapi.